Nusu Mbili za Inshallah

Katika jedwali la safari yetu ya visiwa vya Ugiriki, mstari wa tarehe 27 Agosti ulikuwa mtupu. Binti yangu alikuwa amejaza mistari mingine yote: saa ya meli, jina la bandari, bei ya chumba, hata mahali pa kula samaki. Alipoufikia huo nikamshika mkono. "Mama, siku hiyo tufanye nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hiyo si yetu, mwanangu. Iache." Akanitazama kidogo, kisha akaandika humo neno moja: Inshallah.

Neno hilo nimelitamka tangu nilipoanza kusema. Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na nimefundisha elimu ya dini na jiografia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Nilidhani nalijua. Safari ile ndiyo iliyonionyesha kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikilitumia visivyo, na nina hakika siko peke yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa baharia. Miaka ya 1980 alifanya kazi katika meli za mizigo za Wagiriki, watu walio miongoni mwa wenye meli nyingi za biashara duniani, na mabaharia wengi wa pwani yetu wamepata riziki humo. Alifika bandari ya Piraeus mara nyingi. Alinisimulia mkate wa duara wenye ufuta unaouzwa alfajiri, na feri nyeupe alizokuwa akiziona kwa mbali zikielekea visiwani huku yeye ameinamia shehena. Hakuwahi kupanda hata moja. "Inshallah mwakani nitakupeleka," alikuwa akisema, nami nikiitika inshallah. Tulisemezana hivyo zaidi ya miaka 20. Iko miaka ambayo fedha zilikuwepo. Lakini hatukuuliza nauli hata siku moja, wala hatukutandika ramani mezani. Alifariki akiwa na miaka 66, na mwakani yetu haikufika.

Nilipotoka eda nilirudi kwenye Suratul Kahf, mahali ambapo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, anafundishwa asiseme kuhusu jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila ya kuliegemeza kwenye matakwa ya Mungu. Aya hiyo nimeifundisha madarasa mengi. Siku zote nilikuwa nikikazia mwisho wake, kwamba tusijitape. Safari hii niliona mwanzo wake. Mtu anayeambiwa aongeze "akipenda Mungu" ni mtu ambaye tayari amesema "nitafanya kesho". Sentensi ina nusu mbili. Ya kwanza ina tendo na ina siku, na ya pili inamrudishia Mungu kilicho chake. Mimi na mume wangu tulikuwa tukisema nusu ya pili peke yake. Tulimkabidhi Mungu safari ambayo sisi wenyewe hatujaianza, kisha tukakaa tukimngoja Yeye akate tiketi.

Basi nikamwambia binti yangu, anayefanya kazi benki Dar es Salaam, achukue likizo yake ya Agosti. Tukaanza.

Hatua ya kwanza ilikuwa viza, na hapo nikakutana na kosa la upande wa pili. Fomu inataka siku ya kuingia na siku ya kutoka, mahali pa kulala kila usiku, taarifa za benki, na bima ya safari ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Siilaumu, kila nyumba ina taratibu zake za kupokea wageni. Lakini ukiijaza unahisi unaapa juu ya siku ambazo hujapewa. Haina nafasi ya kuandika "nikijaaliwa uhai". Huo ni ulimwengu wa nusu ya kwanza tupu: nitafanya kesho, saa fulani, chumba namba fulani, nukta.

Ndiyo maana niliupigania ule mstari wa tarehe 27.

Binti yangu alikuwa amepanga visiwa saba kwa siku tisa. Ugiriki ina visiwa zaidi ya 200 vinavyokaliwa na watu, na anayekwenda mara ya kwanza hutamani kuvimeza vyote. Nikatandaza ramani, maana jiografia ndiyo kazi yangu. Nikamwonyesha kwamba visiwa hivyo vimekaa kwa makundi, na kwamba kutoka kundi moja kwenda jingine mara nyingi hulazimu kurudi Piraeus. Kuhama kisiwa, hata kama baharini ni saa mbili tu, hula nusu ya siku: kufunga mabegi, kutoka chumbani, kungoja gatini, kutafuta chumba kingine. Tukachagua kundi moja tu, la Cyclades, ambalo jina lake la Kigiriki linatokana na duara, kwa kuwa visiwa vyake huhesabiwa kuwa vimekizunguka kisiwa kitakatifu cha Delos. Tukabakiza vituo vitatu vinavyofuatana bila kurudi nyuma: Tinos, Mykonos kwa ajili ya kuvuka kwenda Delos, kisha Naxos. Santorini tuliiacha. Binti yangu aliililia, na sikumbeza kwa hilo. Kuchagua ni kuacha, na kuacha kunauma.

Tukakata tiketi za feri kubwa za mwendo wa polepole, zenye sitaha ya wazi, badala ya boti za kasi ambazo abiria hukaa ndani kama tulivyozoea katika boti za Dar na Unguja. Feri kubwa huhimili bahari zaidi, na nauli yake ni nafuu. Tena nilitaka kukaa nje nione bahari aliyoiona mume wangu.

Tarehe 19 Agosti, kabla ya jua kuchomoza, tulikuwa Piraeus. Milango ya bandari ile imepewa herufi na namba, na ukikosea lango unaweza kutembea nusu saa na mabegi yako ukaikuta meli imeshang'oa nanga. Nilinunua mkate wa ufuta. Ulikuwa kama alivyousimulia: mkavu kwa nje, laini ndani, ufuta ukidondoka kila unapoumega. Niliula nimesimama, nikamwombea.

Bandari hiyohiyo inasimuliwa kuwa ndiyo iliyompokea Zeno, mfanyabiashara wa Kition katika kisiwa cha Cyprus. Meli yake iliyobeba shehena ya rangi ya zambarau ilizama karibu na hapo. Alipanda mjini Athens mikono mitupu, akakaa katika duka la muuza vitabu, akasikia habari za Socrates zikisomwa, na hapo ndipo alipoanza kutafuta hekima. Mnamo mwaka 300 KK aliasisi falsafa ya Wastoiki. Miaka mingi baadaye mmoja wa wafuasi wa njia hiyo, Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba mtu kwanza atenge yaliyo katika uwezo wake na yasiyo katika uwezo wake, kisha asijitese kwa haya ya pili. Namheshimu sana mwalimu huyo, maana aliyasema akiwa ameonja minyororo. Ila kwetu sisi tunaoamini liko neno la kuongeza: kisicho mikononi mwangu kina mwenyewe. Sijakiacha njiani kama mzigo uliotelekezwa. Nimemrudishia mwenye mali.

Tulifika Tinos mchana. Feri inapokaribia kisiwa, abiria wanaoshuka huteremka hadi tumbo la meli, kwenye magari na malori, penye harufu ya mafuta na joto la injini. Mabegi hupangwa kwenye rafu zilizoandikwa majina ya visiwa, na ukiweka begi la Tinos kwenye rafu ya Mykonos utajua mwenyewe. Mlango mkubwa wa nyuma huanza kushuka meli ikiwa bado inasogea, mwanga unaingia kwa chini, na watu wanatoka kwa haraka, kwa sababu meli haikai.

Toka bandarini pana barabara inayopanda hadi kanisa la Bibi Mariamu, mahali ilipofukuliwa sanamu takatifu ya kuchorwa mwaka 1823. Kando ya barabara limetandikwa zulia jembamba, na juu yake wapo wanaopanda kwa magoti. Tarehe 15 Agosti, sikukuu yao kubwa, feri hujaa mpaka pomoni, ndiyo maana tulifika baada yake. Hata hivyo tulimkuta mama mmoja wa makamo, kavaa nguo nyeusi, akijikokota mlimani goti baada ya goti, na kijana nyuma yake kambebea mkoba. Ibada ile si yangu. Lakini nilisimama kando nikainamisha kichwa, kwani nililiona jambo ambalo mimi na mume wangu tulilikosa. Mama yule alikuwa ameomba, na alikuwa amekata tiketi. Dua yake ilikuwa na magoti.

Delos nako tulikuta fundisho, ila la kinyume. Ni kisiwa kidogo, mwendo wa nusu saa hivi kwa boti kutoka Mykonos. Tulikwenda asubuhi ya kwanza tuliyoipata, kwa sababu pepo zikikaza boti hizo haziendi, na aliyeiweka Delos siku yake ya mwisho huenda asiione. Wagiriki wa kale waliamini mungu wao Apollo alizaliwa hapo. Mwaka 426 KK watu wa Athens waliamua kukitakasa: wakafukua makaburi yote, kisha wakapiga marufuku mtu kuzaliwa au kufia kisiwani. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na mgonjwa mahututi walivushwa kwenda kisiwa jirani cha Rheneia. Baadaye Delos ikawa soko kuu la bahari ile, na mwaka 88 KK ikavamiwa na kuteketezwa. Leo hakuna mgeni anayeruhusiwa kulala hapo. Alasiri boti ya mwisho huondoka na watu wote. Nilipita kati ya kuta zilizobomoka, mijusi ikikimbia juu ya marumaru, nikiwafikiria wale walioandika amri dhidi ya kuzaliwa na kufa, mambo mawili ambayo hakuna mja aliyewahi kuyapangia tarehe. Amri yao ilikuwa nusu ya kwanza bila ya pili.

Jioni hiyo Mykonos, binti yangu akaniuliza swali alilokuwa nalo siku nyingi. "Mama, kama Mungu ameshaandika kwamba meli itakwama, mstari mtupu unasaidia nini? Na kama ameandika itakwenda, si tumepoteza siku?" Sikutaka kumjibu haraka. Swali hilo limewashughulisha wanazuoni karne nyingi, na mimi ni mwalimu wa sekondari tu.

Nilimwambia kwanza habari ya bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kisha ategemee. Nikamkumbusha kwamba dini yenyewe imemwachia msafiri nafasi: sala ya rakaa nne huwa mbili, na adhuhuri huweza kukusanywa na alasiri. Mwenye kutuumba anajua kwamba njia ina mambo yake. Basi mstari mtupu haukuwekwa kumkinga mtu na Mungu. Umewekwa ili yatakayoandikwa na mwenye kalamu yapate pa kuandikwa bila ya kuyafuta maisha ya mtu. Alinyamaza. Sijui kama alitosheka.

Jibu lililobaki lilikuja na upepo. Wagiriki wanauita meltemi. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, hasa Julai na Agosti, chini ya anga safi isiyo na wingu hata moja. Wahenga wao waliuita kwa jina lenye maana ya upepo wa kila mwaka, kama vile sisi tulivyolichukua neno msimu kwa Waarabu, ambao mabaharia wao walihesabu safari kwa pepo. Chanzo chake kinatugusa. Bara la Asia linapopata joto kali, hewa huwa nyepesi juu yake na kuvuta pepo kutoka Bahari ya Hindi; huo ndio mfumo unaoleta kusi kwetu, upepo uliorudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi. Eneo hilo la mkandamizo mdogo wa hewa hujinyoosha magharibi mpaka Uturuki, na upande wa Balkani mkandamizo ni mkubwa, basi hewa hushuka kwa nguvu katikati, juu ya Bahari ya Aegean. Upepo uliotuzuia Naxos ni ndugu wa kusi.

Ulituzuia tarehe 26, tulipokuwa Naxos tukitaka kurudi Piraeus. Mamlaka za bandari za Ugiriki hukataza meli za abiria kuondoka upepo unapotabiriwa kufika kiwango cha 8 katika kipimo cha Beaufort, na vyombo vidogo huzuiwa mapema zaidi. Tulifika kwenye dirisha la wakala wa tiketi, kijana akasema neno moja la Kigiriki, apagoreftiko, kisha akatufasiria kwa mikono: viganja viwili vikipishana. Marufuku. Tiketi ya safari iliyozuiwa hurudishiwa fedha au kubadilishwa, na yeye akatubadilishia. Nyuma yetu alikuwa bwana mmoja na mkewe na watoto wawili. Ndege yao ilikuwa usiku uleule. Bwana yule alipiga kelele, akagonga kioo kwa kiganja, akamtukana kijana ambaye hakuwa na mamlaka juu ya upepo. Mtoto wake mdogo akaanza kulia. Nilimhurumia kwa dhati, kwa kuwa nilijua kwamba kilichotutenganisha hakikuwa tabia njema. Kilikuwa siku moja. Binti yangu alimpa mtoto biskuti, akamshukuru kijana wa dirishani, akanigeukia na kusema, "Mama, tuna tarehe 27."

Hapo ndipo nilipopata jibu lililonipita Mykonos. Kumtegemea Mungu kunaonekana katika adabu. Mtu aliyeibana ratiba yake mpaka mwisho atamchukia mja wa Mungu aliyesimama kati yake na meli, na bila kujua atakuwa ameichukia kadari. Aliyeacha nafasi ana uwezo wa kushukuru. Nafasi tuliyoiacha jikoni Dar es Salaam iligeuka kuwa upole bandarini Naxos.

Jioni tulikwenda tukiwa tumejifunga mitandio kwa nguvu hadi kwenye Portara. Ni lango la marumaru lililosimama peke yake kwenye ncha ya mwamba baharini, limeunganishwa na mji kwa njia ya mawe. Mnamo mwaka 530 KK, Lygdamis, mtawala wa Naxos, alianza kumjengea Apollo hekalu kubwa. Akapinduliwa, kazi ikasimama, na haikukamilika kamwe. Limebaki lango: miimo miwili, kizingiti cha juu na cha chini, refu kuliko nyumba zetu za Ng'ambo. Wenyeji husema linaelekea Delos. Mawimbi yalikuwa yakirusha maji mpaka miguuni mwetu. Niligusa jiwe. Lilikuwa bado na joto la mchana, na kwenye uso wake vilionekana vinundu ambavyo waashi huviacha ili kazi ikiisha waje wavichonge na kulainisha. Hawakurudi.

Tunasema mja hupanga, Mungu hupangua. Nilisimama pale nikalifikiria neno kupanga. Katika Kiswahili chetu anayepanga mambo na anayekaa nyumba ya kodi wote hupanga. Lugha imelificha humo jambo ambalo nimelifikia uzeeni: mwenye mipango ni mpangaji. Anaishi katika siku asizozimiliki. Mpangaji mwema hufagia chumba, hupaka rangi ukuta, hulipa kwa wakati. Havunji ukuta wala hagombi na mwenye nyumba akihitaji chumba chake. Na wala haketi uani miaka 20 akisema inshallah nitahamia, ilhali mlango uko wazi na ufunguo amekwishapewa.

Hilo la mwisho nililisema kwa sauti, kwa mume wangu. Binti yangu alisikia, akanishika mkono. Mwisho wa maisha ya mume wangu haukuwa na mstari mtupu wa kuupokea, na hakuna jedwali litakalonirudishia. Sidai kwamba safari hii imenipa faraja yote. Imenipa masahihisho, na mwalimu anajua thamani ya masahihisho hata yakija baada ya mtihani.

Marufuku iliondolewa mchana wa tarehe 27. Tuliingia Piraeus usiku, tukalala, na kesho yake jioni tukapanda ndege yetu. Siku ile tuliyoiacha ilikuwa imetumika yote.

Nawe msomaji, iwe ni safari ya hija, ya kumwona ndugu aliye mbali, au ya kuona bahari ya wengine: kama kila mwaka unaisemea inshallah na hujaandika tarehe, leo kaa chini uandike. Ulizia nauli, kata tiketi, punguza vituo. Acha siku moja kamili kabla ya siku ya kurudi, wala usiijaze. Kisha sema inshallah, nusu zake zote mbili.